Mbolea Niliyomdanganyia Koki

Sogeeni, wanangu. Wayua, funga mlango. Nawe Maingi, keti hapa kitandani, usinisimamie kama askari. Nina neno ambalo baba yenu Kimeu alikwenda nalo kaburini bila kulijua, na mdogo wangu Koki, ambaye basi lake linafika kesho kutoka Mwingi, naye halijui, na pumzi yangu sidhani kama itamngoja.

Mnakumbuka alivyokuja kukaa nasi hapa Makongeni mwaka wa sabini na nane, baada ya kufiwa na mumewe. Nilimpokea kwa mikono miwili, wa tumbo moja na mimi. Lakini haukuisha msimu, nyinyi mkitoka shule mkawa mnamkimbilia yeye, na baba yenu, aliyekula chakula changu miaka kumi na mitano bila kusema kitu, akaonja boga la Koki akasema, "Shemeji, hili ni tamu kama asali." Neno hilo lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilikuwa nimemkatia nusu ya kishamba changu kule ukingoni mwa mto, na Selpher wa nyumba ya pili, mteja wangu wa siku zote, akawa anaruka mistari yangu ya maboga kwenda kununua kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, wanangu. Na mdudu mwenyewe nilikuwa mimi.

Mwaka uliofuata Koki akapata mfuko wa mbolea ya chumvichumvi, ile nyeupe, ambayo hakuwahi kuishika. Akanijia jikoni. "Dada, hii naiweka lini?"

Nilijua. Marehemu baba yetu alinifundisha mimi, mkubwa: ngoja mmea uanze kutambaa, kabla haujatoa maua, weka kidogo, shibiri moja kutoka shinani, ufunike kwa udongo na kumwagilia maji, ukiona maua, acha, kwa maana mmea unaoshibishwa wakati huo hukimbilia majani ukasahau kuzaa. Yote hayo niliyajua, nikamtazama mdogo wangu machoni nikamwambia, "Subiri maua yafunguke yote, ndipo umwage kwa wingi."

Akanishika mkono. "Asante, dada. Bila wewe ningeharibu."

Majani yalitanda mapana, meusi kwa ubichi, watu wakasimama kuyasifu. Chini yake hamkuwa na kitu. Maua yalidondoka, na vile viboga vichache vilivyoshika vikaoza vikiwa kama yai. Koki akaja tena jikoni, akasema, "Dada, mkono wangu umekufa. Labda ni huu msiba ninaotembea nao."

Nilichochea moto. Nikasema, "Labda."

Wiki ile ile akafunga mizigo akaenda Mwingi, na tangu hapo, miaka saba, hajatia mbegu ardhini. Boga hununua sokoni kama mgeni. Nyinyi mlilia mlangoni alipoondoka, na hata machozi yale niliyaonea wivu.

Basi sikilizeni. Kishamba chote ni chake. Maingi, usikunje uso, wewe una kazi ya reli. Cherehani ni ya Wayua. Mwambieni Koki ukweli kwa maneno yangu, msiupake asali: mkono wake haukufa, ni ulimi wangu ulioua maboga yake. Na mumwambie mbolea huwekwa lini. Lini, Wayua? Naam. Ukianza kutambaa. Kabla ya maua.

Wala msidhani nimepona huo wivu. Tangu asubuhi nawasikia mkiulizana basi lake litafika saa ngapi, na moyo unanichoma vile vile. Mkimkumbatia, mkumbatieni huko nje, nisione.

Nipe maji... kidogo. Inatosha.

Mungu awape mikono inayozaa. Awape kupendana... bila kupimana. Maingi, umtunze dada yako, na akikushinda kwa jambo lolote, umshangilie kwa sauti, hata kama... hata kama inauma.

La, ngojeni. Msimwambie nyinyi. Mleteni humu ndani, peke yake. Nitasema mwenyewe. Nikiwa nimelala... niamsheni.