Odessa Crutcher na Kanda 214 za Barabara ya Dorr

Marehemu Bi. Odessa Verlene Crutcher alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mjini Eutaw, Alabama, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Hosea Battle na Bi. Cleotha. Mwaka 1946 Mzee Hosea alipata kazi katika kiwanda cha kuyeyusha chuma huku Toledo, Ohio, na familia nzima ikamfuata kwa treni, ikiwa na masanduku mawili na kuku wa kukaanga wa kutosha siku tatu. Safari ilikuwa ya siku moja na nusu. Odessa alisema hadi uzee wake kwamba hajapata kula kuku kama yule.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha Shule ya Sekondari ya Scott, akahitimu Juni 1956. Mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wa walimu. Mwandiko huo ndio uliompatia kazi mwaka 1958 katika studio ya Bwana Amos Tilford, ghorofani juu ya duka la kinyozi, Barabara ya Dorr. Kila kanda iliyorekodiwa pale aliiandikia kwenye boksi lake jina la mwimbaji, tarehe, na nani alipiga ngoma. Hata aliyeleta sandwichi aliandikwa. Bwana Tilford akimtania, "Dessa, na paka wa kinyozi je?" yeye alijibu, "Akiimba, nitamwandika."

Hapo ndipo alipomfahamu Lemuel Crutcher, kijana mrefu aliyekuja kurekodi wimbo mmoja wa mapenzi mwaka 1959. Redio iliupiga mara mbili tu, ukanyamaza. Lemuel alizivunja nakala zake zote, akaenda kiwandani, wala hakutaka tena kusikia habari za kuimba. Odessa alimpenda hivyo hivyo na uchungu wake. Walifunga ndoa tarehe 4 Juni 1960 katika kanisa hili hili la Mlima Nebo, wakajaliwa mabinti watatu.

Mwaka 1972 barabara ilipanuliwa na majengo yakavunjwa. Bwana Tilford alikuwa ameshafariki. Odessa alipofika studio alikuta kanda zimerundikwa nje, mvua ikizinyeshea. Msimamizi wa wavunjaji akamuuliza, "Mama, takataka zote hizo unazipeleka wapi?"

"Takataka ni zako wewe unayezitupa," akamjibu. "Mimi naokota watu wangu."

Aliokota kanda 214, akazipeleka nyumbani kwa lori la kuazima. Kwa kuwa chumba cha chini kilikuwa na unyevu, aliziweka juu, chumba cha mabinti wawili wakubwa. Tangu siku hiyo watoto watatu walilala chumba kimoja. "Kanda zina chumba chao, sisi hatuna!" walilalamika. Mama yao akasema, "Nyinyi mnaweza kwenda nje mkacheza. Zenyewe zitakwenda wapi?"

Kuanzia 1973 hadi 1999 alikuwa mpokea simu wa hospitali. Sikio lake halikusahau sauti ya mtu. Siku moja mwanamke alipiga, naye akamkatiza: "Samahani, wewe si Rosetta, yule mwimbaji wa kina dada Gaddis?" "Nani anauliza? Mimi nimepiga kuulizia mguu wa mama!" Mguu wa mama ulipona, na Rosetta akaandikwa kwenye daftari la Odessa la waimbaji pamoja na anwani yake. Kwa njia hiyo Odessa aliwapata waimbaji thelathini na mmoja waliodhaniwa wamepotea.

Mwezi wa Oktoba 2002 alihudhuria mhadhara hapa mjini juu ya muziki wa rithimu na bluzi. Msemaji, Bwana Neil Vandersall, alieleza kwamba Toledo haikuwa na muziki wake. Wenye vipaji walikwenda Detroit. Odessa alinyoosha mkono. "Mwanangu, njoo Jumamosi unywe chai ya barafu, nikuonyeshe hiyo 'hakuna' yako." Bwana Vandersall alikwenda. Alipofunguliwa mlango wa kile chumba cha juu aliketi sakafuni bila kukaribishwa. Leo yumo miongoni mwa wabeba jeneza.

Wawili hao, pamoja na binti mkubwa Charmaine, walianza kuandaa albamu ya mkusanyiko. Odessa aliweka sharti moja: wimbo hauingii bila idhini ya mwenyewe au ya jamaa zake. Wote walikubali, isipokuwa mmoja. "Odessa, wimbo ule uliniaibisha mara moja," alisema Mzee Lemuel. "Wataka uniaibishe tena?" Hakumlazimisha, ila aliacha nafasi ya wimbo wa saba wazi.

Miezi minne ikapita. Mchana mmoja wa Ijumaa Mzee Lemuel alikuwa jikoni akikaanga samaki, wakati juu kanda zinasafishwa, na wimbo wake ukachezwa. Akapanda ngazi na uma mkononi, akasimama mlangoni.

"Nani huyo kwenye besi?"

"Booker," akajibu Odessa.

"Booker aliharakisha." Akasikiliza hadi mwisho. "Mwimbaji… hakuwa mbaya."

"Basi weka sahihi, samaki wanaungua."

Akaweka sahihi. Samaki waliungua.

Albamu ya kwanza ilitoka Mei 2004, na majina yote ya wapigaji yakachapwa kwenye kijitabu chake. Barua zilikuja kutoka Ubelgiji hadi Japani. Tarehe 17 Septemba 2005, waimbaji tisa, mdogo wao akiwa na miaka sitini na mitatu, walipanda jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa hadi ngazini. Mzee Lemuel alipoanza ubeti wa pili, vijana waliozaliwa baada ya studio kuvunjwa walimpokea kwa maneno yote. Aliacha kuimba, akawasikiliza. Odessa, pembeni, alipiga makofi mpaka pete ikamchubua kidole. Albamu mbili zaidi zilifuata, 2007 na 2011. Mzee Lemuel alitutoka 2013, akiwa mwimbaji kwa jina na kwa haki.

Bi. Odessa aliugua moyo tangu 2016. Tarehe 11 Januari mwaka huu wa 2019 alikabidhiwa kitandani albamu ya nne. Alisoma majina yote kwa sauti, kisha akasema, "Thurman ana n moja tu. Rekebisheni." Ilirekebishwa. Alifariki nyumbani tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, mabinti wake wote wakiwapo.

Ameacha mabinti watatu, Charmaine, Denita na Lorraine; wajukuu saba; mdogo wake, Bi. Earline Battle, na waimbaji sita walio hai, ambao leo wameketi safu ya mbele na watamwimbia kabla hatujamshusha. Wasimame sasa, mji uwaone. Naye Mungu amlaze mama yetu pema, kwa amani tele. Amina.