Vidonge vya Rachida

Lukumani alikuwa anakoroga kijiko cha pili cha sukari, kwenye benchi la kahawa la Mama Régina mkabala na soko la Kasongo, alipoulizwa mbona mkewe haonekani siku hizi. Alijibu bila kufikiri. Rachida ana mimba ya miezi miwili, ametokwa na damu kidogo, na kwa kuwa mimba mbili za kwanza zilitoka, daktari amempa vidonge vya homoni ili hii ikae. Pakiti anaiweka yeye mwenyewe mfukoni; kila jioni humpa mkewe kimoja.

— Homoni? alishtuka Hamadi, dereva wa pikipiki waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Ndugu yangu, ile dawa inageuza mutoto! Anaingia mwanaume, anatoka mwanamuke.

— Hiyo iko kidogo, alisema Grégoire, muuza sabuni, ambaye watu wa benchi walimfanya daktari wao. Kule Nyangwe kuna mutoto alizaliwa vidole vimeshikana kama mguu wa bata.

— Wewe ulimuona? aliuliza Mama Régina.

— Nilimuona mutu mwenye alimuona mama yake.

— Kumbe Redio ziko mbili hapa!

— Cheka tu, mama, alisema Hamadi. Mutoto wa ile dawa anaota ndevu mbele ya kuota meno.

Benchi likacheka. Lukumani alihisi pakiti ikimchoma pajani.

— Basi leo simupatii, alisema. Nitatupa yote ku choo.

— Sasa umesema kama baba, Grégoire alimsifu.

Pembeni alikaa mwanamke mgeni, Apolline, akingoja pikipiki ya kwenda Kabambare. Aliweka kikombe chini.

— Samahani, baba. Zile mimba mbili zilizotoka, mama alikuwa anakunywa dawa gani?

Hamadi alitazama tairi lake. Grégoire alianza kupanga sabuni zilizokwisha kupangwa. Lukumani alizikumbuka mimba zile. Rachida hakuwa amekunywa dawa yoyote. Wazo hilo halikumtoa woga. Sasa aliogopa kumpa na aliogopa kumnyima.

Jioni alimpa Rachida kidonge kama kila siku.

Asubuhi alimkalisha Rachida kwenye baiskeli, naye hakupanda. Aliisukuma taratibu mpaka hospitali, akikwepa kila shimo, akamwuliza daktari yote aliyoona haya kuuliza mara ya kwanza.