Sahani ya Ndizi kwa Baba Mkwe

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu wa Kalenga. Mimi ni mgeni, nimetoka Iyunga kule Mbeya, tumekuja kumwona binti yetu aliyeolewa hapa. Tangu ibada ianze naona macho yenu yanakwenda upande wa akina mama, mnamtazama yule mzee aliyekaa kati yao. Ngojeni, nitafika kwake.

Yule aliye kando yake ni mke wangu, Subilaga. Mvi hana, na kitinda mimba wetu bado hajaanza shule. Alikuwa mwanamke wa kazi na wa maneno. Ukimchokoza, anakurudishia mpaka unaomba msamaha. Mwanamke huyo, ndugu zangu, alianza kupotea huku namwona. Alipika ndizi na maganda yake. Alitoka kuteka maji, akasimama njia panda, mtungi kichwani, hajui nyumbani ni wapi. Siku moja alinitazama, akaniuliza kwa adabu, "Baba, mwenye nyumba yuko?" Mwenye nyumba ni mimi!

Daktari wa misheni alisema ni ugonjwa wa wazee, umemjia mapema, na dawa hana. Nikafunga, nikaomba. Wazee wa kanisa waliomba pamoja nami, halafu wakaanza kupunguza kuja. Majirani wakasema amelogwa, na wengine wakasema mlogaji ni mimi. Mke wangu akazidi kusahau.

Sasa sikilizeni jambo la kwetu. Ninyi Wahehe mna heshima zenu za ukwe, lakini sisi Wanyakyusa tumepita kiasi. Mwanamke hamsogelei baba mkwe wake. Hamtazami, hali chakula mbele yake, hata jina lake halitamki. Miaka yote ya ndoa yetu, baba yangu akikohoa tu njiani, Subilaga ameshaingia kwenye migomba na kujifunika kanga. Baba alimjua mkwewe kwa kisogo! Ukristo tuliupokea, lakini hilo hatukuligusa, maana baba si Mkristo na angeona tumemdharau.

Basi ukoo ukaitwa uani kwa baba. Shangazi yangu ndiye aliyesema. "Mwanamke huyu arudishwe kwa baba yake. Kijana aoe mwingine, watoto wapate wa kuwapikia." Wote wakaitikia. Baba yake Subilaga alikwisha kufariki, ndugu zangu. Huko Rungwe walibaki kaka zake, ambao hata kuja kumjulia hali hawakuja. Ningemrudisha afe kwenye kona ya nyumba ya mtu. Kilichobaki ni neno la baba, kwa maana kwetu yeye akishasema, imekwisha.

Hapo ndipo Subilaga alipotokea. Kichwa wazi, sahani ya ndizi mkononi. Alipita katikati ya wanaume, moja kwa moja hadi kwenye kigoda cha baba, akaketi chini kando yake. "Tata," akasema, yaani baba kwa lugha yetu. Akamega kipande cha ndizi kwa vidole vyake, akampelekea mdomoni.

Alimwona baba yake mzazi.

Shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili. Kwa kosa hilo hata mwenye akili timamu angefukuzwa, sembuse huyu ambaye tayari walikuwa wanamfukuza. Nilifumba macho, nikasema moyoni, leo nimempoteza mke wangu.

Nilipofumbua, baba alikuwa anatafuna. Alimeza taratibu.

"Hazina chumvi," akasema.

"Kesho nitatia, tata," Subilaga akajibu.

Baba akawageukia ndugu zake. "Mmesema arudishwe kwa baba yake. Basi ameshafika."

"Kaka, na mila?" shangazi akauliza.

"Mila ni ya mkwe. Huyu ameniita baba mbele yenu wote. Mnataka nimkatalie mwanangu chakula chake?"

Nami nililia pale pale mbele ya wanaume, sikujali.

Ndugu zangu, mpaka leo nikikumbuka nashtuka. Nilimngoja Mungu kanisani, akapita kwa mzee anayetambikia mizimu! Subilaga hakupona, sitawadanganya. Leo asubuhi ameniuliza mimi ni mgeni wa nani. Lakini niliogopa kumpoteza, na ninaye. Hatumfichi tena. Kila siku anampelekea baba yangu chakula, siku nyingine kina chumvi, siku nyingine hakina, na mzee anakila. Shangazi mwenyewe siku hizi anakuja kumenya ndizi, ingawa bado ananung'unika.

Basi yule mzee ndiye baba yangu. Hajabatizwa, na nyimbo zenu hazijui. Jana Subilaga alimshika mkono kwenye basi, na leo mlangoni amekataa kuuachia, ndiyo sababu mzee mzima amekaa na wanawake kanisani.

Kama nyumbani kwako kuna mtu unayemfungia ndani kwa aibu, mfungulie leo. Mtegemee Bwana, hata akijibu kwa mlango usioutazamia. Mimi namshukuru, na nitamshukuru mpaka nami nisahau.

Nakwenda kuketi. Akina mama, sogeeni kidogo, baba yangu amebanwa.