Zuwena binti Uledi, Aliyesema Hana Mtoto

Marehemu Zuwena binti Uledi alizaliwa Kasongo, Manyema, mwaka 1880 hivi, akavuka ziwa mgongoni mwa mama yake mpaka Rumonge. Dada yake mkubwa, Biasha, ndiye aliyemfundisha kutembea.

Alisoma Kurani kwa Mwalimu Hamissi akaishia Juzuu Amma, maana kicheko kilimzidi. Baadaye alikamua mawese, akaanika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni Minago. Ndagala zake hazikuwa na mchanga, na alipenda kulisema hilo kwa sauti.

Mwaka 1896 aliolewa na Asmani, fundi wa mitumbwi, na mwaka uliofuata akajifungua mtoto wa kike. Biasha hakujaliwa kuzaa. Kwa desturi yetu, mtoto alipoacha kunyonya alipelekwa kwa Biasha, na aliyemtoa hakudai tena kuitwa mama. Mwanamke mmoja wa Bugarama, aliyekuja kuuza maharage na mwanawe mgongoni, alishangaa: "Mutoto wa tumbo yako, unamupa mutu?"

Zuwena akacheka. "Simupi mutu. Namupa dada."

Siku hiyo hakula. Wala hakuzaa tena.

Mtoto alimwita Mama Mdogo. Kila siku marehemu alikuwa na sababu ya kupita kwa Biasha: mara chumvi, mara ungo, mara moto, na kwake moto unawaka.

Mwezi wa Agosti 1912 daktari wa Kijerumani alipima tezi shingoni mwa watu wa ufukweni, akamkuta na malale. Katika kambi ya wagonjwa wa malale, mgonjwa mwenye mtoto alipewa kibanda akae naye. Asiye na mtoto alilala bwenini. Kwa Wajerumani, mtoto ni wa aliyemzaa, basi. Karani akauliza, "Mama, uko na mutoto?"

Mtoto mwenyewe alikuwa nyuma yake, amembebea mkeka. Zuwena alimtazama Biasha, aliyekuja kumsindikiza, kisha akajibu, "Sina."

Alilala bwenini miezi saba, akafariki Jumapili, tarehe 9 Machi 1913. Waliolala naye wanasema usingizini aliita jina moja tu, Mwanahamisi.

Ameacha mume wake, Asmani, na dada yake, Biasha. Hapa niliandika pia, "na mtoto wa dada yake, Mwanahamisi." Biasha, mama aliyenilea, alipenda nimsomee kwanza. Nilipofika hapo akalia, akasema, "Futa. Andika vile iko."

Nimefuta. Ameacha mtoto mmoja, naye ndiye anayewasomea. Natamani apite tena kuomba moto.

Mungu akupumzishe, Mama.