Aliyetaka Shujaa Aruke Bila Kamba

Ndugu, jamaa na marafiki, marehemu asingekubali tuanze hivi. Angetaka kwanza tusogee kidogo kushoto, kwa sababu ya mwanga. Leo hana la kusema, kwa hiyo tutaanza tu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi redio na mkunga. Hakuwahi kutulia. Akiwa na miaka saba alijifunga shuka shingoni, akaruka kutoka juu ya tangi la maji, akavunjika mkono. Baba alipomuuliza kulikoni, alijibu, "Nimechelewa kukunjua mikono, baba." Katika kuruka kwenyewe hakuona kosa lolote.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha chuo cha ufundi, akahitimu ufundi umeme mwaka 1982. Akaajiriwa kwenye ukumbi wa sinema kutengeneza nyaya. Kila mara meneja alimkuta amesimama ngazini, bisibisi mdomoni, macho kwenye picha. Badala ya kumfukuza, akamwazima kamera. Mungu ambariki meneja yule, ingawa mama yetu hakumsamehe kamwe.

Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1989. Shujaa alikuwa fundi bomba anayeruka angani kuziba mabomba ya mji. Mwigizaji alining'inizwa kwa kamba, na kamba ikaonekana. Ukumbi mzima ukapiga kelele, "Kamba! Kamba!" Wengine walimaanisha kamba yenyewe, wengine walimaanisha jamaa anatupiga kamba, muongo mkubwa. Lakini kesho yake walirudi na majirani zao, na ukumbi ukafurika wiki baada ya wiki. Sisi tulifurahi. Yeye alijikunyata kiti cha nyuma. Mtaani wakambatiza Bwana Kamba, na jina hilo lilimchoma mpaka mwisho.

Mwaka 1992 alifunga ndoa na mhariri wa filamu hiyo hiyo. Siku ya kwanza kukutana chumba cha uhariri, wifi alimwambia, "Hapa pamezidi, kata." Naye, "Nani kakuuliza?" Wifi akakata. Waligombania vipande vya sekunde mbili mbili miaka yote ya ndoa yao, na walipendana kweli.

Kwa filamu ya pili, mwaka 1994, aliipaka kamba rangi ya buluu ili ipotee angani. Siku ya kupiga picha mawingu yakatanda, mbingu ikawa kijivu, na ile buluu ikang'aa utadhani imewashwa. Aliambiwa asubiri jua. Wapi! Filamu ikadoda. Katika ya tatu shujaa alikimbia tu, hakuruka kabisa, na watazamaji wakadai kamba yao. Ikafuata miaka ya matangazo ya sabuni na video za harusi, ambako alimwamuru bwana harusi aingie upya mara tatu. Ya nne, mwaka 2011, ilisifiwa kila mahali. Yeye akasema wanamhurumia.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akiwa katikati ya filamu ya tano. Safari hii vijana wa kompyuta walikuwa wameifuta kamba, huioni hata uitafute. Si ndicho alichokililia maisha yake yote? Mkewe akampelekea filamu wodini. Akaitazama, akanuna. "Anaelea kama mfuko wa nailoni. Hana uzito huyu. Rudisheni kamba." Ikarudishwa. Akaona aibu, ifutwe. Ikafutwa, irudi. Muuguzi akamwambia, "Mzee, pumzika basi." Akajibu, "Nikipumzika, nani atamshusha yule?"

Mkewe hakuogopa gharama wala maneno ya watu. Aliogopa kubaki na kazi ya mwisho ya mumewe bila kujua aliitakaje. "Amua, baba watoto," alimsihi. "Usiniachie swali." Asubuhi ya tarehe 2 Septemba 2023 waliitazama tena pamoja. Akasema, "Kesho nitajua." Alifariki alasiri ile. Inatuuma, na hatutajidanganya kwamba aliondoka ametulia.

Ameacha mke, binti, mwana, wajukuu watatu, na dada yake anayesoma hapa. Ameacha pia filamu hiyo, nayo itaonyeshwa mwezi ujao. Wifi ameomba maneno yake yasomwe yalivyo: "Kamba ipo. Kila tulipoitazama nilikuwa nimemshika mkono. Kamba ikivutika, alinibana vidole. Ilipofutwa, mkono ulilala tu. Kama nimekosea, kosa ni langu."

Mungu amjalie pumziko, maana mwenyewe hakuwahi kujipa hata la nusu saa.