Mwezi Wenye Nguzo

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa saluni ya wanaume, na mguu wake mfupi umekalia kipande cha tofali. Jua likianza kupoa, muuza kahawa huteleka birika lake pale pembeni, na wenyewe hufika mmoja mmoja. Kuna Antena, fundi redio, ambaye kwake kila tatizo la dunia ni mawimbi. Kuna Methali, mshona viatu, ambaye hakosi methali kwa jambo lolote, ingawa methali na jambo lenyewe mara nyingi hawajuani. Na kuna Kinyozi, mwenye saluni. Jioni hiyo kiti chake cha kunyolea kilikuwa nje, kimelazwa mgongo kama kinavyolazwa mtu anaponyolewa ndevu. Juu yake hapakuwa na mteja. Palikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, imebandikwa kwa plasta kwenye jicho moja la darubini kuukuu, ikazungushiwa taulo isitetereke.

Kinyozi alikuwa anajifunza kupiga picha za mwezi, na sababu ilikuwa mama yake. Tangu miguu ilipomgomea, mama alishinda na kulala katika chumba cha nyuma ya saluni, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Akiletewa matunda alishukuru. Akiletewa redio alishukuru. Kisha husema, “Mwanangu, mwezi nimeuona tangu utotoni. Siku hizi nahadithiwa tu.” Basi Kinyozi akaahidi kumpelekea mwezi chumbani.

— Leo umetokaje? Antena akauliza.

— Mweupe kama sahani. Hauna hata kidoa.

— Umechujuka huo. Mataifa makubwa yameupiga picha miaka nenda miaka rudi. Hata shati, ukilifua kila siku, rangi inakwenda.

Methali alisema tatizo ni haraka. Ni yeye aliyemshauri Kinyozi, mwanzoni kabisa, aliache jicho la simu wazi kwa muda mrefu, maana haraka haraka haina baraka, na haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kikajaa nuru, kikafurika, na mwezi ukatoka kama yai lililopasukia kikaangoni. Kinyozi akajaribu kueleza aliyoyagundua mwenyewe baada ya kuharibu picha nyingi: kwamba mwezi unang’aa kuliko tunavyodhani, kwa hiyo jicho la simu lifumbuliwe na kufumbwa upesi, kwamba unaugusa mwezi pale kwenye kioo, kisha unashusha mwanga, na kwamba kidole kinachobonyeza ndicho kinachotikisa, kwa hiyo bora kuiambia simu ihesabu kwanza, wewe utoe mkono. Alieleza vizuri, taratibu. Hakuna aliyemsikiliza. Kijiweni kwetu, mwenye kujua hupewa zamu ya mwisho.

— Simu hiyo imezoea watu, Antena akaendelea. Inatafuta uso. Sasa mwezi umetupa kisogo, utaupataje?

— Kisogo umekijuaje? muuza kahawa akauliza.

— Umewahi kuuona masikio?

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, Methali akasema kwa huzuni. Haikujulikana kama alimaanisha mwezi au simu.

— Dawa ni kuuvizia, Antena akasema. Jifanye unanyoa mtu. Piga na miluzi kidogo. Mwezi ukishasahau kwamba wewe upo, geuka ghafla.

Kinyozi akashusha pumzi. Alisema simu iliwahi kuupata uso, na kilichofuata sote tulikijua. Wiki tatu zilizopita alikuja kijiweni na picha ya mwezi wa mviringo, wa manjano, una madoa kabisa. Antena alituonyesha milima. Methali aliona bahari. Muuza kahawa, kwa furaha, alimimina kikombe cha bure, jambo ambalo halijatokea tena. Kinyozi akakimbia na simu hadi chumba cha nyuma. Mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, “Mwanangu, mwezi una nguzo?”

Ilikuwa taa ya duka la dawa, ng’ambo ya barabara. Milima na bahari walikuwa wadudu waliofia ndani ya globu.

— Tangu siku hiyo kila jioni mama ananiuliza, leo umeniletea ya duka gani, Kinyozi akasema. Anacheka. Lakini nikitoka tu, nasikia kitanda kinalia. Anageukia ukuta.



Hapo ndipo alipofika mwanamume mpana mwenye mtungi wa gesi begani, ambaye hatukuwahi kumwona. Akautua, akatusalimu, akaomba kahawa, kisha akauliza ni nani anayenyolewa, mbona anaona taulo tu. Tukamweleza wote kwa pamoja, Antena akiongeza habari za mawimbi. Mgeni akanywa, akasikiliza mpaka mwisho.

— Kwa hiyo mama yuko ndani.

— Chumba hicho hapo nyuma.

— Na mwezi uko hapa nje.

Tukamwonyesha. Jua lilikuwa halijazama, na nusu ya mwezi ilikuwa imeshasimama juu ya mapaa.

— Samahani, wakubwa zangu, mimi mgeni. Kati ya mama na mwezi, mzito ni nani?

Antena alitazama angani kama anayekadiria kilo. Methali alitazama viatu vyake. Kinyozi alitazama kiti.

— Hatujawahi kumuuliza kama atatoka, akasema taratibu.

Akaiondoa simu na darubini yake, akapangusa kiti kwa brashi ile ya shingo za wateja, akaingia ndani na mgeni, Antena na Methali wakiwafuata. Walipotoka, mama alikuwa mikononi mwa mgeni, Antena ameshika ncha ya shuka, Methali amebeba ndala za mama ingawa hakuna mahali ambapo angekanyaga.

— Polepole, baba, mama akamwambia mgeni. Mimi si mtungi.

Wakamkalisha. Kinyozi akakanyaga pedeli, kiti kikapanda. Akakilaza mgongo, akaweka taulo nyuma ya shingo ya mama.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Methali akasema.

Tukageuka kumtazama. Ilikuwa imefaa. Hata yeye alishtuka.

Antena akamnong’oneza Kinyozi apige picha sasa, mwezi haujashtuka. Kinyozi akajibu kwamba hana pa kuegesha simu, kiti kina mtu. Mama hakuwasikia. Macho yake yalikuwa yanapanda taratibu kwenye mapaa. Yakafika kwenye taa ya duka la dawa, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imewashwa. Yakatua hapo. Muuza kahawa akasitisha birika hewani.

Kisha yakapanda tena.

— Ule, mama akasema. Ule hauna nguzo.