Mgawo wa Mto

Kijiwe chetu ni benchi moja refu kando ya daraja, mbele ya jiko la Mama Buli, muuza kahawa. Siku hiyo nilikuwa na fomu ya ofisi ya maji magotini. Wenzangu walisema wamenichagua kwa mwandiko wangu mzuri; ukweli ni kwamba kila mtu alikwepa lawama. Wataalamu walikuwa wamepima: kiangazi hiki, madumu sitini hupita chini ya daraja kila dakika. Sheria inataka ishirini yaachwe yaende zake, ndio mgawo wa mto wenyewe. Arobaini yanayobaki tugawane watatu: mimi mwenye kitalu cha miche, Povu muosha magari, na Tofali, mfyatua matofali. Kwa sasa kila mtu anavuta anavyotaka, na kwenye fomu kila mtu alitaka ishirini. Isipofika ofisini saa sita mchana, pampu zote zinafungwa, na miche yangu elfu tatu ya kabichi haiwezi kumaliza siku mbili bila maji. Roho ilikuwa juu, nisiseme uongo.

POVU: Mimi hata sistahili kuhesabiwa. Maji nayachukua, naoshea gari, nayarudisha. Naazima tu.

TOFALI: Unayarudisha na sabuni hadi vyura wanapiga chafya!

POVU: Wanapiga chafya wakiwa wasafi, bwana.

TOFALI: Nisikilizeni mimi. Mto nao unachoka. Usiku unalala. Basi tuuachie ishirini yake usiku, mchana tuchukue yote.

MIMI: Umewahi kuuona umelala?

TOFALI: Nitauonaje na mimi nimelala?

Hapo Kifungu akakohoa. Kifungu ni karani mstaafu wa mahakama. Hana pampu, hana hata ndoo, lakini ubishi wowote kijiweni lazima auamue yeye.

KIFUNGU: Tulieni. Kisheria, mto ni mdai kama nyinyi. Tumekaa vikao vitatu. Amehudhuria?

POVU: Hajaonekana.

KIFUNGU: Ametuma mwakilishi? Barua? Cheti cha daktari?

TOFALI: Hata salamu!

KIFUNGU: Basi shauri linasikilizwa upande mmoja, na dai lake linatupwa.

MAMA BULI: Mzee, huyo mdai anapita hapo nyuma yako tangu asubuhi.

KIFUNGU: Kupita si kuhudhuria, mama.

Tulicheka mpaka Tofali akamwaga kahawa. Nilijua ni upuuzi mtupu. Lakini ulikuwa upuuzi wa kuniokolea kabichi, kwa hiyo nikauona una busara nyingi.

MAMA BULI: Shemeji, na wewe unaandika kweli?

MIMI: Naandika uamuzi wa kikao.

MAMA BULI: Haya. Mwandiko ni wako.

Nikaandika: Povu ishirini, Tofali ishirini, kitalu ishirini, mto sifuri. Jumla sitini kamili, hesabu ikakaa bila hata tone kubaki. Tukapeana mikono. Kifungu akaagiza kikombe kingine na kutuambia, kwa unyenyekevu wake wa kila siku, kwamba bila yeye tungeshikana mashati.

Ndipo akatokea mama mmoja tusiyemjua. Hakuja kwa barabara. Alipanda kutoka bondeni, upande wa chini wa daraja, kupita pale pampu zetu zilipo. Alikuwa na madumu mawili matupu, na vumbi lilimfika magotini.

— Hamjambo?

— Hatujambo, mama. Karibu kahawa.

— Ahsanteni, nitachelewa, nimeacha watoto. Samahanini, eti huu mto siku hizi unaishia wapi?

Povu akacheka.

— Mto hauishii, mama. Unaenda tu.

— Kwetu haujafika tangu Jumanne. Basi leo alfajiri nikasema niufuate, nipande na mchanga mkavu hivyo hivyo, mpaka nipaone ulipoishia.

Kifungu alichungulia ndani ya kikombe chake. Tofali aliinama kufunga kamba za kiatu zilizokuwa zimefungwa. Chini yetu pampu tatu zilikuwa zinanguruma, na yangu ndiyo iliyosikika zaidi. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikaifunika fomu kwa kiganja.

Mama yule alituangalia mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayengoja kuelekezwa njia. Halafu akauliza tena, kwa sauti kubwa kidogo, akidhani labda kelele za pampu zimetuzuia kumsikia.